Maswali ya Wasomaji: Utafiti katika Programu za Honazi za Vyuo Vikuu vya Marekani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimeandikwa na vijana wanaosoma shahada ya kwanza nchini Marekani, au wanaojiandaa kwenda huko, na karibu zote zinagusa jambo moja: nafasi ya kufanya utafiti kabla ya kuhitimu. Nimechagua sita. Mbili nimezifupisha kwa sababu zilikuwa ndefu, lakini sikubadilisha maana ya aliyeuliza.

Shikamoo, Mwalimu. Nimepata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha Marekani, na ndani yake kuna mwaliko wa kujiunga na programu wanayoiita honazi. Baba aliposoma barua hiyo alidhani nimetunukiwa shahada ya heshima kama wanazopewa marais. Programu hii ni kitu gani hasa, na ina uhusiano gani na utafiti?
*Msomaji anayeanza mwaka wa kwanza*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Mweleze baba kwamba neno ndilo lililomchanganya. Shahada ya heshima hutunukiwa mtu kwa mchango wake katika jamii, bila yeye kukaa darasani wala kufanya mtihani. Programu ya honazi ni kinyume chake: ni mzigo wa ziada ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza huubeba kwa hiari yake, ndani ya fani ileile anayoisoma pamoja na wenzake. Tena usiichanganye na matumizi ya Uingereza, ambako neno hilo hutaja daraja la shahada yenyewe. Huko Marekani ni njia maalumu ndani ya chuo, yenye madarasa madogo, semina za majadiliano, na kiwango cha wastani wa alama ambacho mara nyingi huwa karibu na 3.3 hadi 3.5 kwenye kipimo cha 4.0, ingawa kila chuo hujiwekea chake.

Asili yake inafaa uijue, kwa sababu inaeleza kwa nini utafiti umekaa katikati ya programu hizi. Frank Aydelotte, aliyekuwa rais wa Chuo cha Swarthmore katika jimbo la Pennsylvania, alianzisha mfumo wa honazi chuoni hapo mwaka 1922. Alikuwa amesoma Oxford, na huko aliona jinsi mwanafunzi anavyokaa uso kwa uso na mwalimu wake kuitetea insha aliyoiandika mwenyewe, badala ya kunakili mhadhara na kuurudisha kwenye mtihani. Wazo lake lilikuwa kwamba mwanafunzi aliye tayari kwenda mbele asizuiwe na mwendo wa darasa zima, na kwamba kazi yake ipimwe na watu ambao hawakumfundisha. Hadi leo watahini kutoka vyuo vingine hufika Swarthmore kuwahoji wanafunzi wa honazi. Baadaye vyuo vikuu vikubwa vya umma vilianzisha vyuo vya honazi ndani yake, kama kile cha Robert D. Clark katika Chuo Kikuu cha Oregon, kilichoanza mwaka 1960.

Uhusiano wake na utafiti unapatikana kwenye tasnifu. Katika programu nyingi mwanafunzi hamalizi honazi mpaka aandike kazi ya utafiti inayosimamiwa na profesa mmoja, isomwe na msomaji wa pili, kisha aitetee mbele yao. Hiyo ndiyo sababu ningekushauri uukubali mwaliko huo. Kupangiwa bweni zuri na kujiandikisha kozi mapema, ambavyo vipeperushi huvitaja kwanza, ni faida, lakini utazisahau. Miezi utakayokaa na swali moja ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote hutaisahau.

Naongeza jambo moja kwa ajili ya wale ambao hawakupata mwaliko kama wako. Utafiti si mali ya honazi peke yake. Mwaka 1969 Margaret MacVicar alianzisha katika chuo cha MIT programu ijulikanayo kama UROP, inayomwezesha mwanafunzi yeyote wa shahada ya kwanza kufanya utafiti pamoja na mwalimu, na vyuo vingi vimeanzisha programu zenye mfano huo. Aliye nje ya honazi na aulizie ofisi ya utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Vyuo vikuu vingi vinayo.

Mwalimu, nimewaandikia barua pepe maprofesa kumi na wanne nikiomba nafasi ya utafiti. Ni mmoja tu aliyejibu, na alisema maabara yake imejaa. Niliandika hivi: "Mheshimiwa Profesa, natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na ninapenda sana sayansi. Naomba kwa unyenyekevu nafasi yoyote katika maabara yako." Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, biolojia*

Hujakosa adabu hata kidogo, na usiruhusu mtu akuambie hivyo. Sisi tumelelewa kutanguliza salamu na kujishusha mbele ya mwalimu, nayo ni malezi mema. Tatizo la barua yako ni kwamba ingeweza kupelekwa kwa profesa yeyote wa somo lolote bila kubadilishwa hata neno moja, na anayeipokea huliona hilo papo hapo. Anayepokea barua za namna hiyo kila wiki hana njia ya kujua kama umewahi kuisoma kazi yake.

Hebu tazama barua nyingine, nikichukulia kwamba profesa huyo anachunguza mizizi ya maharage wakati wa ukame:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia, katika programu ya honazi. Nimesoma makala yenu kuhusu mizizi ya maharage na ukame. Nimeelewa kwa nini mlipima urefu wa mizizi, ila sijaelewa kwa nini vipimo vilichukuliwa siku ya saba na ya kumi na nne tu, ilhali majani yalipimwa kila siku. Nimemaliza kozi ya takwimu, na kuanzia Januari nitakuwa na saa nane kwa wiki. Je, naweza kufika saa zenu za ofisi siku ya Jumanne, kwa dakika kumi na tano, nikaulize swali hilo?"

Angalia tofauti. Barua hii haina sifa hata moja ambayo mwandishi amejipa mwenyewe, lakini msomaji wake akifika mwisho ameshajua kwamba huyu anasoma kwa makini, ana muda unaohesabika, na anajua kidogo kuhusu takwimu. Ombi lenyewe ni dogo, dakika kumi na tano, na ombi dogo ni rahisi kulikubali. Swali la siku ya saba huenda likawa na jibu jepesi sana, kwa mfano kwamba mzizi hauwezi kupimwa bila kuung'oa mmea wote, na kila upimaji unaua mimea. Si neno. Mwalimu akikujibu hivyo, mazungumzo yameshaanza, na wewe umeshajifunza jambo moja kuhusu upangaji wa majaribio ambalo darasani lingekupita.

Usiandike barua kumi na nne kwa siku moja. Andika tatu, kila moja baada ya kusoma angalau makala moja ya profesa huyo kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama sehemu ya mbinu itakutoa jasho. Siku saba hadi kumi zikipita kimya, kumbusha mara moja kwa sentensi mbili, kisha uende zako. Kimya cha profesa mara nyingi hakikuhusu wewe. Pengine ana ombi la fedha za utafiti linalotakiwa Ijumaa.

Kabla hujakubali nafasi, zungumza na wanafunzi wa uzamivu walioko kwenye maabara hiyo, kwa kuwa hao ndio watakaokushika mkono siku hadi siku. Waulize ni mara ngapi profesa hukutana na wanafunzi wa shahada ya kwanza, na waliotangulia waliishia kufanya nini. Nina msimamo hapa, na nimeushika kwa miaka mingi: ukilazimika kuchagua kati ya mada unayoipenda kwa msimamizi asiye na muda, na mada usiyoijua kwa msimamizi anayefundisha, chagua msimamizi. Kuipenda mada huja kadiri unavyoielewa, lakini aliyekosa wa kumwelekeza hupoteza mwaka mzima. Muulize pia kama atakuwapo mwaka wako wa nne, maana maprofesa huenda likizo ya utafiti kwa muhula au mwaka, na nimeona wanafunzi walioligundua hilo wakati tasnifu imeshafika katikati.

Huu ni mwezi wa tatu niko kwenye maabara niliyoitamani sana, na kazi yangu ni kuosha chupa, kubandika lebo na kuingiza tarakimu kwenye kompyuta. Wenzangu wa honazi wanaongea kuhusu miradi yao. Je, huu ni utafiti au nimekuwa mtumishi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyechoka*

Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu naijua hali hiyo. Nikueleze kwanza habari ya maabara moja. Katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, Thomas Hunt Morgan alikuwa na chumba kidogo cha kufugia nzi wa matunda, waliowekwa ndani ya chupa za maziwa. Calvin Bridges, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, aliajiriwa kuosha chupa hizo. Siku moja, akitazama kupitia kioo kizito cha chupa, bila hadubini, alimwona nzi mmoja ambaye rangi ya macho yake ilikuwa tofauti na ya wenzake. Baada ya hapo hakubaki mwosha chupa; Morgan alimwingiza katika kazi ya utafiti. Mwenzake, Alfred Sturtevant, naye akiwa bado hajapata shahada ya kwanza, mwaka 1911 alichukua takwimu za maabara hiyo akaenda nazo nyumbani, akaacha kazi za darasani alizopewa, na kwa sehemu kubwa ya usiku mmoja akachora ramani ya kwanza kuonyesha mpangilio wa jeni kwenye kromosomu. Ilichapishwa mwaka 1913.

Sikusimulii hayo ili uoshe chupa ukingojea muujiza. Ninachotaka ukione ni kwamba Bridges aliweza kumtambua nzi asiye wa kawaida kwa sababu alikuwa ameshawaona wa kawaida wengi mno, na Sturtevant alizielewa zile tarakimu kwa sababu alikuwa karibu na waliozikusanya. Kazi ndogo hulifundisha jicho, kwa sharti kwamba unaifanya huku ukiuliza inatumikia swali gani.

Mimi pia nilianzia kwenye nzi hao. Kazi yangu ilikuwa kuwalaza kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kuwatandaza chini ya hadubini, na kuwatenga kwa brashi nyembamba: wenye macho mekundu huku, wenye macho meupe kule, madume na majike mbali mbali. Kwa kuwa mikono yangu yote ilikuwa na kazi, siku moja niliandika hesabu kwenye kipande cha karatasi ya kupangusia mikono, nikiwa na nia ya kuihamishia kwenye daftari baadaye. Walikuwa nzi mia mbili na kumi na mmoja. Jioni, mwanafunzi wa uzamivu aliyenisimamia aliniuliza swali moja tu: "Wametoka chupa ipi?" Sikuwa nimeandika. Hakunigombeza. Alizitupa hesabu zote, akaniambia nianze tena, na kwa kuwa nzi wa matunda huchukua takriban siku kumi kutoka yai hadi kuwa mkubwa kwenye joto la nyuzi 25, nilipata siku kumi za kulitafakari swali lake. Tangu hapo sijaandika tarakimu mahali pengine popote isipokuwa kwenye daftari, pamoja na tarehe, saa, namba ya chupa, na jambo lolote lililoonekana si la kawaida, hata kama ni harufu ya chakula cha nzi kilichochacha.

Kwa hiyo nakushauri ufanye mambo mawili wiki hii. Unapoingiza tarakimu, usiziingize kama karani. Chora mchoro mdogo wa kila kundi, tafuta tarakimu iliyokaa mbali na zenzake, na muulize aliyeipima ilikuwaje. Pili, omba kuhudhuria kikao cha maabara cha kila wiki kama bado huhudhurii. Huko utasikia kwa nini chupa zako zinaoshwa.

Hata hivyo, subira ina mpaka wake. Muhula mzima ukipita bila mtu yeyote kukufundisha mbinu moja mpya, bila kuelezwa lengo la kazi, na bila dalili kwamba kuna sehemu utakayoachiwa uibebe mwenyewe, basi hapo hupewi mafunzo. Omba miadi na profesa na useme wazi: "Ningependa kuandika tasnifu ya honazi. Je, kuna swali dogo ndani ya kazi hii ambalo linaweza kuwa langu?" Jibu likiwa hapana, shukuru, maliza muhula vizuri, na utafute kwingine. Kuhama maabara si aibu, wala si kukosa shukrani.

Niko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Profesa wangu yuko tayari kunilipa kwa kazi ya utafiti, na rafiki yangu ananishawishi niombe pia REU, programu ya utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, katika chuo kingine. Je, naruhusiwa?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kemia*

Kazi ya chuoni kwako kwa kawaida inaruhusiwa, mradi isizidi saa 20 kwa wiki wakati muhula unaendelea. Likizo rasmi za chuo huruhusu kazi ya muda wote. Saa hizo hujumlishwa, kwa hiyo kama unafanya kazi maktaba saa 12, maabara imebakiwa na 8. Kazi ya nje ya chuo, hata iwe ya utafiti na hata iwe na uhusiano wa moja kwa moja na masomo yako, huhitaji idhini kabla hujaianza siku ya kwanza.

Kuhusu REU, jibu halitakufurahisha. Hizi ni programu zinazofadhiliwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, NSF, na fedha zake hulipa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Zipo programu chache zinazochanganya fedha za NSF na fedha nyingine ili kuwapokea wanafunzi wa kigeni, na zikiwa hivyo husema kwenye tangazo lao. Tuzo ya Goldwater, inayowafadhili wanafunzi wa sayansi wa shahada ya kwanza, nayo ina sharti kama hilo la uraia au ukazi, na programu ya McNair, inayowaandaa wanafunzi kwa masomo ya uzamivu na iliyopewa jina la mwanaanga Ronald McNair aliyefariki katika ajali ya Challenger mwaka 1986, ni hivyo hivyo. Ninazitaja ili usipoteze mwezi mzima wa Januari ukijaza fomu ambazo zitakataliwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Nguvu zako zielekeze kwenye fedha za chuo chako mwenyewe. Programu nyingi za honazi zina ruzuku ndogo za tasnifu kwa ajili ya vifaa, safari za kwenda kusoma nyaraka, au posho ya kiangazi, na ruzuku hizo mara nyingi hazijali uraia wa mwombaji. Usikubali pia ushauri wa kufanya "kujitolea" kwenye nafasi ambayo wengine wanalipwa, kwa kuwa sheria za uhamiaji zinaweza kuihesabu kuwa ni kazi. Mtu wa kumuuliza ni afisa wa wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako, na umuulize kwa maandishi. Rafiki yako anakutakia mema, lakini viza ni yako.

Shikamoo, Mwalimu. Kwa tasnifu yangu ya historia na sosholojia nataka kuwahoji wazee wanaozungumza Kiswahili waliofika Marekani kama wakimbizi. Wengine ni majirani zetu, wananiita mjukuu. Msimamizi anasema nisubiri idhini ya kamati ya maadili na nitayarishe fomu ya ridhaa. Naona kama ni kuwatukana wazee hao kuwawekea karatasi ya kusaini kabla ya kunisimulia maisha yao. Je, ni lazima?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu*

Marahaba, na nimefurahi kwamba jambo hili limekukera, maana lingekupita bila kukugusa ningekuwa na wasiwasi zaidi. Msimamizi wako hakosei. Kamati hizi, ambazo huko huitwa IRB, hazikuzaliwa na upenzi wa makaratasi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao mia sita katika eneo la Tuskegee, Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuelezwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, na hawakutibiwa kwa penisilini hata ilipokuwa imeshakuwa dawa inayojulikana. Habari hizo zilipofichuka, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya utafiti mwaka 1974, na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 ikaweka misingi mitatu: kuwaheshimu watu, kuwatendea wema, na kutenda haki katika kuchagua nani abebe mzigo wa utafiti. Wale wanaume nao waliwaamini waliokuja kwao.

Sasa turudi kwa wazee wako. Kanuni za shirikisho zilizorekebishwa na kuanza kutumika mwaka 2018 zinasema kwamba kazi kama ya historia simulizi, inayomhusu moja kwa moja yule mtu anayesimulia, haihesabiki kuwa utafiti unaohitaji kamati. Lakini tasnifu yako imechanganya historia na sosholojia, na kama unakusudia kulinganisha majibu yao ili utoe hitimisho kuhusu wakimbizi kwa jumla, huenda ukaangukia upande wa pili. Anayeamua si wewe wala msimamizi, ni kamati. Wapelekee maelezo mafupi uwaulize. Usihoji mtu hata mmoja kabla jibu halijaja, kwa sababu mahojiano yaliyotangulia idhini kwa kawaida hayawezi kutumika, nawe utakuwa umeumaliza uvumilivu wa mzee bure.

Kuhusu saini, kuna nafasi ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Kanuni hizo hizo zinairuhusu kamati kuondoa sharti la saini pale ambapo wahusika wanatoka katika jamii isiyo na desturi ya kutia saini fomu, hatari ya utafiti ikiwa ndogo, na kukiwa na njia nyingine inayofaa ya kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Ombi hilo liandike, na ueleze kwa nini. Kwa mtu aliyekimbia vita, karatasi yenye mahali pa saini inaweza kumkumbusha ofisi na vituo alivyopitia. Pendekeza ridhaa ya mdomo, kwa Kiswahili, iliyorekodiwa mwanzoni mwa mazungumzo.

Maneno ya ridhaa hiyo yaandike kwa Kiswahili wanachokizungumza wao, si kwa kutafsiri fomu ya chuo neno kwa neno. Ungeweza kuanza hivi: "Bibi, naandika kazi ya chuo kuhusu safari za watu wetu kuja huku. Nikikuuliza jambo usilotaka kulisema, niambie tuliache. Ukitaka tuache kabisa, tutaacha, na mimi nitabaki mjukuu wako vilevile. Jina lako sitaliandika usipotaka. Je, niwashe kinasa sauti?" Sentensi ile ya kubaki mjukuu wake usiiache. Kwa mzee anayekuhesabu kama wa nyumbani, ugumu wa kukataa hauko kwenye karatasi. Uko kwenye kukunyima wewe. Ndiyo maana ningependa uhoji pia wazee wasiokujua, na kwamba kwa wale majirani ombi la kwanza lipelekwe na mtu mwingine, ili anayetaka kukataa aweze kufanya hivyo bila kukutazama machoni.

Tenga muda. Kamati inaweza kuchukua wiki kadhaa, na hurudisha maombi yenye mapengo. Kama unatetea Aprili ya mwaka wa nne, maombi yawe yameingia kabla ya likizo ya kiangazi ya mwaka wa tatu.

Natetea tasnifu yangu baada ya wiki sita, na matokeo yameikataa nadharia tete yangu. Tofauti niliyoitarajia haipo kabisa. Mwenzangu ananishauri nibadilishe utangulizi ili ionekane kwamba nilitarajia hivyo tangu mwanzo. Pia maabara inaandika makala kwa kutumia data zangu, na sijui kama jina langu litakuwamo.
*Mwanafunzi wa mwaka wa nne, saikolojia*

Usibadilishe utangulizi. Najua wiki sita ni chache na hofu ni kubwa, lakini unachoshauriwa ni kumdanganya msomaji kuhusu jinsi ulivyofika ulipofika, na wanakamati wenye uzoefu hukitambua haraka kwa kulinganisha na pendekezo la utafiti uliloliwasilisha mwaka jana. Mwaka 1887, Albert Michelson na Edward Morley walifanya jaribio mjini Cleveland wakitarajia kupima mwendo wa dunia ndani ya etha, kitu ambacho wanafizikia wa wakati huo waliamini kimejaa angani. Hawakuipata tofauti waliyoitarajia, na waliripoti hivyo. Jaribio hilo linafundishwa hadi leo.

Sura yako ya majadiliano ndiyo yenye kazi sasa. Jiulize maswali ambayo watakuuliza: sampuli yako ilikuwa kubwa kiasi cha kuweza kuionyesha tofauti ya ukubwa gani? Hojaji ilipima kile ulichokusudia? Washiriki walielewa maelekezo? Kama sampuli ilikuwa ndogo, huna haki ya kusema kwamba tofauti haipo. Unaweza kusema tu kwamba hukuiona, na tofauti hiyo ya maneno ni jambo ambalo kamati itataka kulisikia kinywani mwako. Ukipata uchanganuzi mwingine wa kuvutia ambao hukuupanga, uuweke, lakini useme wazi kwamba ulikuja baada ya kuziona data.

Kuhusu jina, muulize msimamizi wiki hii, kabla ya utetezi na si baada yake. Katika majarida mengi ya tiba na sayansi za afya, mwandishi ni yule aliyechangia kwa uzito katika kubuni kazi au kukusanya na kuchanganua data, akashiriki kuandika au kuhariri kwa makini, akaidhinisha nakala ya mwisho, na akakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Yote manne kwa pamoja. Fani yako inaweza kuwa na desturi inayotofautiana kidogo. Kukusanya data peke yake mara nyingi humpatia mtu shukrani mwishoni mwa makala, si jina mwanzoni mwake. Kwa hiyo usiulize tu, "Je, jina langu litakuwamo?" Sema, "Ningependa kuandika rasimu ya sehemu ya mbinu, kwa kuwa nilizikusanya data mwenyewe. Je, nikifanya hivyo na nikashiriki marekebisho, nitakuwa miongoni mwa waandishi?" Baada ya mazungumzo hayo mtumie barua pepe fupi inayorudia mlichokubaliana, na nakala ya daftari lako la data iweke mahali salama panaporuhusiwa na kamati ya maadili, kwa sababu baada ya kuhitimu akaunti yako ya chuo inaweza kufungwa kabla makala haijachapishwa.